Zombi Hili au Zombi Huyu? Upatanisho wa Kisarufi na Utu wa Mfu Anayefugwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja la sarufi ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, linaweza kuonekana kuwa ni la mzaha. Tukiwa na mfu aliyeamka, akafungwa mkanda shingoni, akafundishwa kukata majani na kubeba vyombo vya chakula, je, nomino inayomtaja ipatanishwe vipi? Tuseme *zombi hili limemwaga maziwa*, au *zombi huyu amemwaga maziwa*? Tutadai kwamba swali hili si la mzaha hata kidogo. Anayelijibu analazimika kuamua mtu ni nani, na katika mji kama Nairobi, ambamo maelfu ya watu huishi kwa kutumika katika nyumba za wengine, uamuzi huo una uzito nje ya darasa la isimu.

Kielelezo chetu ni filamu ya Kikanada iitwayo *Fido*, iliyoongozwa na Andrew Currie na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Hadhira tunayoifikiria ni ya kijiji cha Lindi, mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera pamoja na Makina, Kianda, Gatwekera, Laini Saba, Silanga na vinginevyo. Hatudai kwamba filamu hiyo imewahi kutambwa huko. Tunachouliza ni hiki: mtambaji wa filamu akiitia katika Kiswahili mbele ya hadhira hiyo, lugha itampa nyenzo gani, na kila nyenzo itamgharimu nini?

2.0 Filamu Yenyewe kwa Muhtasari

*Fido* ni filamu ya kutisha iliyovikwa vazi la futuhi. Mandhari yake ni mji mdogo uitwao Willard, wenye nyumba safi, bustani zilizokatwa vizuri na magari yanayong'aa, kwa sura ya Marekani ya miaka ya 1950. Miali kutoka anga za juu imewaamsha wafu, na vita vikubwa vimepiganwa kati yao na walio hai. Kampuni iitwayo ZomCon imepata ushindi kwa uvumbuzi wa mkanda wa shingoni unaozima uchu wa nyama ya binadamu. Mfu aliyefungwa mkanda huo huwa mtumishi: hugawa maziwa, hufagia, hupeleka magazeti. Nje ya uzio wa kampuni kuna nyika ya wafu wasiofungwa.

Helen Robinson, ambaye ameigizwa na Carrie-Anne Moss, anaona haya kwamba nyumba yake ndiyo pekee mtaani isiyo na mtumishi wa namna hiyo, hivyo anamleta mmoja. Mumewe, Bill, anaogopa, kwani utotoni alilazimika kumwua baba yake mwenyewe aliyekuwa amegeuka. Mtoto wao, Timmy, ambaye hana rafiki, anampa mtumishi huyo jina la Fido. Billy Connolly, aliyemwigiza Fido, hatamki neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkanda unapoharibika, jirani mmoja anauawa, na mtoto anajaribu kuficha jambo hilo. Hadi filamu inapokwisha, Bill amekufa, Fido amepata nafasi katika familia, na Bwana Bottoms, mkuu wa usalama wa ZomCon, naye amegeuka mfu anayeongozwa kwa mnyororo na binti yake.

Kicheko kinatokana na jambo moja tu. Kila mtu wa Willard anaishi na maiti kana kwamba anaishi na chombo cha nyumbani, na hakuna anayeshangaa.

3.0 Istilahi: Zombi, Msukule na Ndugu Zake

3.1 Neno *zombi* limetufikia kwa njia ndefu. Liliingia katika Kiingereza kutoka Krioli ya Haiti, na wataalamu wengi hulihusisha asili yake na lugha za Kibantu za eneo la Kongo na Angola, ambako kuna maneno kama *nzumbi*, mzuka wa mfu, katika Kimbundu. Kwa hiyo linapotua Nairobi, linarudi katika bara lililolizaa, ingawa si kwa mlango lililotokea. Huko Haiti lilibeba kumbukumbu ya utumwa. Zombi hakuwa mla watu. Alikuwa mfu aliyeamshwa ili afanye kazi katika mashamba ya miwa bila ujira na bila mapumziko, mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa uhuru. Sinema ya Kimarekani ya mwaka 1932, *White Zombie*, bado iliwaonyesha wafu hao wakisukuma kinu cha miwa. George Romero ndiye aliyewafanya, katika filamu yake ya mwaka 1968, kuwa kundi la wala nyama za watu. *Fido* inaunganisha mapokeo yote mawili: inamchukua mla watu wa Romero na kumrudisha shambani.

3.2 Kiswahili tayari kina jina la mfu anayefanyizwa kazi. *Msukule*, kwa imani iliyoenea hasa Tanzania, ni mtu anayedhaniwa kuwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua na kuacha kaburini kitu kingine, mara nyingi mgomba. Inasemekana hukatwa ulimi asiseme, hulishwa pumba, na usiku hulimishwa mashamba. Kusini mwa Tanzania husikika pia *ndondocha*, neno linalojulikana hata Malawi. Imani zinazofanana na hizi zimeelezwa na wanaanthropolojia katika sehemu nyingine za Afrika, kama vile Kameruni na Afrika Kusini, na mara nyingi wamezihusisha na mabadiliko ya ghafla katika kazi na mali: watu wanapomwona jirani akitajirika bila jasho linaloonekana, huuliza ni jasho la nani.

3.3 Lenye kuvutia zaidi ni kitenzi kinachoandamana na nomino hii. Watu husema *kufuga misukule*, kama wasemavyo *kufuga majini*. Kitenzi *fuga* ni cha ng'ombe, kuku na mbwa. Hutumika pia kwa ndevu na nywele. Hakitumiki kwa mtumishi. Tunasema *kumwajiri*, *kumwandika kazi*, au *kumweka* mtumishi. Atakayesema *nimefuga mpishi* atakuwa ametukana. Hivyo Kiswahili kilikwisha kuunda dhana ya mfu wa kufugwa zamani sana kabla ya kampuni ya ZomCon kubuniwa.

3.4 Je, basi, mtambaji atumie *msukule*? Kwa maoni yetu, asiharakishe. Kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni ya kijiografia: neno hili limezoeleka zaidi Tanzania kuliko Nairobi. Hofu iliyohusu kazi na serikali katika Nairobi ya wakoloni ilichukua sura nyingine, ile ya mumiani na ya wazimamoto waliodhaniwa kuwakamata watu na kuwanyonya damu, uvumi ambao mwanahistoria Luise White ameuchunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2000. Tofauti ya pili ni ya kimaadili, na ndiyo kubwa. Mwenye msukule ni mchawi. Humficha, humtumia usiku, na akigunduliwa huaibika au hata huuawa. Mwenye zombi katika Willard ni raia mwema. Humtembeza mchana, na asiye naye ndiye anayeona aibu. Tukilitumia neno *msukule*, tunamshtaki Helen Robinson kabla hajafungua mlango. Kicheko cha filamu kinategemea kwamba hakuna anayemshtaki. Zaidi ya hayo, shutuma za uchawi zimewaua wazee wengi, hasa wanawake, katika sehemu za Tanzania. Neno linalobeba shutuma hizo halifai kuchukuliwa kama kifaa cha mchezo bila kufikiri.

Tunapendekeza, kwa hiyo, *zombi* (wingi *mazombi*), kwa mfano wa *jini/majini* na *shetani/mashetani*. *Msukule* lihifadhiwe kwa pale mtambaji anapotaka hadhira ikumbuke kwamba jambo hili si geni kwao.

4.0 Upatanisho: Nani Anastahili *a-*?

4.1 Kanuni inayofundishwa shuleni inajulikana. Nomino ya kiumbe chenye uhai hupatanishwa katika ngeli ya kwanza na ya pili bila kujali umbo lake:

(1) a. Kipofu amefika.
 b. Vifaru wamelala.
 c. Jini ametoka.

Lakini kanuni hii ina mwanya. Msemaji akitaka kukuza, kudogosha au kudharau, hurudisha upatanisho wa umbo:

(2) a. Jitu lile limekuja.
 b. Kile kizee kimeanza tena maneno yake.

Anayezungumziwa katika (2) hajapoteza uhai. Alichopoteza ni heshima ya msemaji.

4.2 Tuangalie sasa nomino zinazotaja waliokufa.

(3) a. Wafu watafufuka.
 b. Marehemu amezikwa jana.
 c. Maiti ameletwa.
 d. Maiti imeletwa.

Lau upatanisho wa *a-/wa-* ungekuwa alama ya uhai wa kibiolojia, (3a) na (3b) zisingewezekana. Zinawezekana, na *\*Marehemu imezikwa jana* ndiyo isiyokubalika. Nomino *maiti* ndiyo inayoyumba, na kuyumba kwake kuna maana. Penye jamaa wa aliyefariki, *ameletwa* huja kwa urahisi. Penye gari, karatasi na sahihi ya kupokea, *imeletwa* husikika zaidi. Kilichobadilika ni mahusiano ya msemaji na aliyelala pale, kwani hali ya mwili wake ni ile ile. Marehemu ana jina, ana watoto, ana madeni. Maiti anaweza kugeuzwa mzigo.

4.3 Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kiambishi *a-* katika Kiswahili kinaashiria kutambuliwa, na uhai ni sababu mojawapo tu, ingawa ndiyo kuu, ya kutambuliwa huko. Kiumbe hupewa *a-* kwa kuwa wasemaji wanamhesabu miongoni mwa wale wanaoweza kutenda na kutendewa. Wanaweza pia kumnyang'anya.

4.4 Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na nyenzo bora kuliko Kiingereza. Lugha ya asili ya filamu ina viwakilishi viwili tu vya kutenganisha kitu na mtu wa kiume. Kiswahili kinaieneza tofauti hiyo katika sentensi nzima: kivumishi, kionyeshi, kiambishi cha mtenda, kiambishi cha mtendwa.

(4) a. Zombi letu lile kubwa limevunja ua, lifungeni.
 b. Zombi wetu yule mkubwa amevunja ua, mfungeni.

Katika (4a) utu umekanushwa mara tano: *letu*, *lile*, *kubwa*, *limevunja*, *lifungeni*. Mfasiri atakayewapa mazombi wote upatanisho wa *a-/wa-* tangu mwanzo, kwa kutii kanuni ya shule, atakuwa ameimaliza hadithi kabla ya kuianza. Tunapendekeza maofisa wa ZomCon na majirani waseme kwa *li-/ya-* daima. Timmy naye aanze kwa *li-*, kama alivyofunzwa, na avuke kwenda *a-* katika onyesho lile anapompa mtumishi jina. Helen avuke baadaye, kwa kusitasita, akichanganya viambishi viwili katika mazungumzo mamoja. Bill asivuke kabisa, au avuke akiwa amechelewa. Hadhira haitahitaji kuelezwa kwamba kuna jambo limetokea, sikio litaling'amua.

4.5 Jina lenyewe linastahili neno. *Fido* ni jina la mbwa, kutoka Kilatini, lenye maana ya uaminifu. Mfasiri anaweza kushawishika kuweka *Simba*, jina la mbwa lililozoeleka katika Afrika Mashariki. Tungemshauri asifanye hivyo. Mbwa wetu huitwa Simba ili mwizi aogope. Jina linaahidi ukali. *Fido* linaahidi utii, na ni katika ahadi hiyo ndimo mna kejeli, kwani yule aliyepewa jina la mtii ndiye anayeishia kumlinda mtoto kwa hiari yake mwenyewe, wakati mkanda haumlazimishi tena.

5.0 Mkanda na Kipande

5.1 Hadhira ya Nairobi haiwezi kuutazama mkanda wa ZomCon kama watazamavyo watu wa Kanada. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika iliyotungwa mwaka 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima katika Kenya kuchukua *kipande*, karatasi ya utambulisho na ya ajira. Wengi walikiweka ndani ya kibweta cha chuma na kukining'iniza shingoni kwa kamba. Kilionyesha ameajiriwa na nani, kwa ujira gani, na kama ameruhusiwa kuondoka. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomkusanyia Harry Thuku wafuasi wake Nairobi mwaka 1921 na 1922. Na Kibera yenyewe ilianza kama ardhi ya hifadhi ya kijeshi waliyopewa askari wa Kisudani wa King's African Rifles, mababu wa Wanubi wa leo. Watu waliowekwa pembezoni mwa mji kwa sababu ya utumishi wao.

Umbo la neno hili lenyewe linasema mengi: *kipande*, kitu kilichomegwa, katika ngeli ya KI-VI, kikining'inia juu ya kifua cha mtu wa ngeli ya M-WA.

5.2 Lugha iliyoandamana na kipande ilikuwa ile inayoitwa Kisetla. Vitabu vya kuwafunza walowezi Kiswahili cha bara, kama kile cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936, viliandikwa kwa mahitaji ya shamba na jiko. Sifa zake kuu zinajulikana: amri tupu, msamiati wa kazi, na kupukutika kwa upatanisho, hasa kuenea kwa *iko* na *yangu* kwa kila kitu:

(5) a. Boi yangu iko wapi?
 b. Toto iko jikoni.

Inavutia kudai kwamba walowezi walimvua mtumishi ngeli yake ya utu kwa makusudi. Dai hilo, hata hivyo, haliwezi kusimama, kwa kuwa mlowezi yule yule angeweza kusema *Bwana iko* kwa kumtaja mwenzake. Upungufu wa sarufi ulikuwa wa wote. Ubaguzi haukukaa katika *iko*. Ulikaa katika *boi*, neno lililomfanya mzee wa miaka hamsini kuwa mtoto asiyekua, na katika kwamba mmoja alikuwa na jina na mwingine alikuwa na kazi.

6.0 Mtambaji katika Kijiji cha Lindi

6.1 Hoja hii inatuletea kizuizi kwa pendekezo letu la sehemu ya 4.4. Kiswahili cha Nairobi, ambacho ndicho kinachozungumzwa Lindi pamoja na Sheng na lugha za nyumbani, nacho kimelegeza upatanisho. *Hii zombi yenu imevunja fence* ni sentensi ya kawaida, na msemaji wake hana dharau yoyote. Angeweza kusema *hii mtu* kwa moyo ule ule. Mpito kutoka *li-* kwenda *a-* utasikika wazi Zanzibar au Dar es Salaam. Katika kibanda cha video cha Kibera unaweza kupita bila kusikiwa.

6.2 Utambaji wa filamu za kigeni ni sanaa iliyokwisha kukomaa katika eneo letu. Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Uganda ina VJ Jingo na wenzake wanaotamba kwa Kiluganda. Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika vibanda vingi vya Nairobi. Mtambaji hafasiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina mapya, huwauliza maswali, huwacheka, huwaonya. Hivyo pale sarufi inapomnyima upatanisho, utendaji unampa nyenzo nyingine mbili.

6.3 Ya kwanza ni kiambishi *ka-* na wingi wake *tu-*, vilivyoingia katika Kiswahili cha Nairobi kwa nguvu ya lugha za Kibantu jirani. *Kazombi* linaweza kuwa la dharau au la mapenzi kulingana na sauti, jinsi *katoto* linavyoweza. Mtambaji stadi anaweza kulitamka neno lile lile mwanzoni kwa kebehi na mwishoni kwa huruma. Ya pili ni namna ya kuitana. Siku Timmy atakapoacha kusema *hii zombi* na kuanza kumwita *buda*, kama kijana amwitavyo mwenzake au mtu mzima, kibanda kizima kitajua kwamba mkanda umekwisha kukatika hata kama bado uko shingoni.

6.4 Tusisahau ni nani wamekaa kwenye mabenchi ya kibanda hicho. Wapo wengi katika Kibera na Kawangware watokao alfajiri kwa miguu kwenda kufua, kupika, kulinda malango na kutunza bustani katika mitaa ya wenye nacho iliyo jirani. Wao wanaijua Willard kutoka upande wa mlango wa nyuma. Lugha imewapa majina mengi: *boi*, *yaya*, *hausigeli*, *mboch* katika Sheng, na *mfanyakazi wa nyumbani* katika sheria na mikataba. Wengi wao wamewahi kukaa katika chumba ambamo watu walizungumza habari zao kana kwamba hawapo. Watakapomwona Fido amesimama kimya karibu na meza huku wenye nyumba wakila, kicheko chao kitakuwa kikubwa, lakini hakitakuwa kicheko cha Toronto. Mtambaji asiyelijua hilo atawachekesha kwa gharama yao.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba upatanisho wa *a-/wa-* haufuati uhai peke yake, bali kutambuliwa. Kwamba *zombi* hufaa kuliko *msukule* kwa filamu hii kwa sababu za kimaana na za kimaadili. Na kwamba mpito wa mfu kutoka kitu hadi mtu unaweza kubebwa na ngeli katika Kiswahili Sanifu, na namna ya kuitana katika Kiswahili cha Nairobi.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna lahaja inayoweza kulitatua. Mwanaisimu Émile Benveniste alisema kwamba nafsi ya tatu si nafsi kwa hakika. Ni jina la yule asiyeshiriki mazungumzo. Fido anaanza kama *hili*, anapanda kuwa *huyu*, kisha *wewe*. Hafikii *mimi*. Msukule naye, kwa imani yetu, amekatwa ulimi. Mapokeo yote mawili yanakubaliana kwamba alama ya mwisho ya mfu anayefugwa haimo katika jinsi wengine wanavyomtaja, hata wakimtaja kwa adabu. Imo katika kwamba hajitaji mwenyewe. Utafiti wa baadaye kuhusu lugha ya utumishi katika miji yetu, kwa hiyo, usitosheke kukusanya maneno wanayoitwa watumishi. Ukusanye pia yale wanayosema wao, kwa nafsi ya kwanza, na kwa Kiswahili chao.